Tauno Hietakangas, Aliyezifundisha Rilei Kutosahau

Wapendwa mliofika kumsindikiza Tauno Johannes Hietakangas, na ninyi wengine mliofika kwa sababu isingependeza msipofika, familia inawasalimu nyote sawasawa, leo Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, saa moja tu tangu tulifunike kaburi. Anayewasomea historia hii ni Irja, dada yake mdogo, aliyeishi naye nyumba moja kwa miaka kumi na minne ya mwisho, ambaye mchungaji amemwomba asome kwa upole, naye ameahidi kusoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, alfajiri, katika sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, ya babu yake hapa hapa Kortesuo, kwa kuwa barabara ilikuwa imezibwa na theluji na hapakuwa na chumba kingine chenye joto la kutosha, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Heikki na Mama Lempi. Mama aliwalea wote kwa kanuni moja, kwamba ndani ya sauna mtu anakaa kama kanisani, hagombani, hasemi uongo, na yaliyosemwa kwenye benchi hayavuki kizingiti. Kanuni hiyo ni nzuri ikiwa wote walioko kwenye benchi ni watu wazuri, na tutairudia mbele.

Alianza shule ya msingi Kortesuo mwezi Agosti 1958 na kumaliza 1964, akasaidia shambani miaka mitatu, kisha akaenda Vaasa kusomea ufundi wa umeme, 1967 hadi 1969, na baada ya hapo akatumikia jeshi miezi minane kama kila mwanamume wa rika lake. Mwalimu wake wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anauliza swali lilelile mpaka ajibiwe, na Mama Lempi, maskini, alidhani ni sifa, akaibandika ripoti ukutani.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na shirika la umeme la hapa kwetu, akiwa fundi wa laini, akapanda nguzo kwa miaka sita na zaidi, katika baridi ambayo koleo lilinata mkononi, mpaka tarehe 19 Oktoba 1978 alipoanguka na kuvunjika goti, leo ni miaka arobaini na sita kamili, na shirika likamweka ndani, kwenye kituo cha kupozea umeme, kuangalia rilei. Kwa wasiojua, rilei ndiyo ile mashine ndogo inayokaa macho badala yetu, inatazama laini yake usiku na mchana, na ikiona umeme unavuja kwenda ardhini inahesabu muda, na hesabu ikitimia inaizima laini hiyo kabla mtu au ng'ombe hajafa. Tauno alizipenda sana rilei hizo, alizifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, na alizisemesha, jambo ambalo wenzake walilisimulia kila pikiniki ya kazini kwa miaka thelathini, wakicheka vilevile kila mara.

Alifunga ndoa na Aune Maria Lahdensuu Jumamosi tarehe 23 Juni 1979, siku ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, katika kanisa tulilotoka sasa hivi, na walijaliwa mtoto mmoja, Outi, aliyezaliwa tarehe 6 Machi 1983, ambaye ni muuguzi kule Oulu na amekaa pale mbele, kushoto. Aune alifariki kwa saratani tarehe 30 Novemba 2009, na miezi miwili baadaye Irja akahamia kwa kaka yake na masanduku mawili, ili kuwe na mtu wa kumwambia ale.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo baadhi yenu mlitarajia familia italiruka, na mmoja wenu alimpigia Irja simu juzi akamshauri kwamba yaliyopita si ndwele. Ndwele ni ndwele, bwana, iwe ya jana au ya juzi, na hii haijapona.

Baada ya dhoruba kuangusha miti juu ya nyaya mwaka hadi mwaka, shirika lilianza, 2005, kuzika nyaya ardhini, na watu wakafurahi kwamba sasa umeme hautakatika tena. Tauno peke yake hakufurahi. Alijua kwamba waya wa juu ukiharibika unaonekana, lakini kebo iliyozikwa ikipata ufa mdogo kwenye kiungo, maji yakaingia, umeme unaruka kwenda ardhini mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope, kisha koili kubwa iliyoko kituoni inauzima mruko ule, ufa unajiziba, laini inaonekana nzima kabisa, na baada ya kitambo kidogo unaruka tena. Rilei ya kawaida imefundishwa kuhesabu uvujaji wa mfululizo, kwa hiyo inaanza kuhesabu, uvujaji unakoma, inarudi sifuri, unaanza tena, inahesabu upya, inarudi sifuri tena, sawa na mwenye nyumba anayeinuka kila mlevi akipiga mlango teke, akifika mlangoni anakuta kimya, anarudi kukaa. Wakati huohuo rilei kubwa ya kituo, inayolinda kwa pamoja laini zote saba zinazotoka pale, haitazami mruko bali volteji, na volteji ikishapanda haishuki haraka, kwa hiyo yenyewe haisahau, inahesabu mpaka mwisho, na kwa kuwa haijui mkosaji ni nani, inazizima zote saba.

Haya aliyaona kwa macho yake majira ya baridi ya 2007, akikaa na mashine ya kurekodi wiki tano, na tarehe 18 Februari 2008 alizipanga rilei za laini zote saba zihesabu miruko badala ya muda, na laini ikinyamaza zisikimbilie sifuri, zishikilie hesabu kidogo, zisubiri. Usemi wake ulikuwa mmoja, mliusikia mpaka mkachoka, kwamba kunyamaza si kupona. Wenzake wakaziita rilei zile "rilei za kinyongo", na palipo na kahawa hapakukosa mtu wa kusema, "Usimkanyage Tauno, atakuhesabia!" Lakini kwa miaka sita mfululizo, kebo ilipoanza kuoza, ilizimwa laini moja tu, ile mbovu, na kijiji kilichobaki hakikujua hata kama kuna kilichotokea.

Mwezi Juni 2014 laini namba nne, inayokwenda kwenye nyumba za mapumziko kule ziwani, ilijizima mara nne, na kila mara rilei ilikuwa na haki, kwani kiungo kimoja cha kebo karibu na daraja kilikuwa kinanyonya maji. Tauno aliandika barua ya kuomba kichimbwe, akaandika ya pili. Jibu lilikuja kwa simu, Ijumaa tarehe 27 Juni, saa tatu asubuhi, kutoka kwa mkuu wa mtandao wa umeme wa wakati huo, Bwana Jouko Salmenkivi, ambaye baadaye alipanda kuwa mkurugenzi na leo amekaa meza ya pili karibu na dirisha, na Tauno alikuwa jikoni kwake na simu ameiweka mezani ikisema kwa sauti, Irja akiwa pembeni, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Tauno bwana, watu wako likizo," alisema Salmenkivi. "Wanachoma soseji, wanakunywa bia yao, wewe unawazimia umeme. Mwenyekiti wa bodi mwenyewe ana nyumba kule, amenipigia mara mbili."

"Kebo imeoza. Chimbeni."

"Tutachimba Agosti. We irudishe hiyo namba nne kama zamani, ikinyamaza irudi sifuri. Mwezi mmoja tu."

"Nikiirudisha, siku moja itazima kituo kizima."

"Umeme ulikuwa ukienda hapa kabla rilei zako hazijapata kinyongo. Fanya, tafadhali, nisikuandikie barua."

Akafanya, na hapo familia haimtetei, kwani alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu na angeweza kusema hapana. Akaenda kituoni, akairudisha namba nne sifuri, na kwa kuwa sheria ya kazi inasema anayeigusa rilei ndiye anayeweka sahihi, akaweka sahihi yake, jina moja tu kwenye karatasi, Hietakangas.

Ijumaa tarehe 11 Julai 2014, saa nane na dakika kumi mchana, joto likiwa nyuzi ishirini na tisa, kiungo kile kilianza kuruka na kunyamaza, kuruka na kunyamaza, rilei ya namba nne ikahesabu na kusahau, na rilei kubwa, ambayo haisahau, ikazima laini zote saba. Kortesuo nzima ilikaa bila umeme saa moja na dakika hamsini. Kwenye banda la Bwana Kaarlo Yli-Hukkala jenereta iliwaka dakika tisa ikafa, feni zikasimama, na kuku wa nyama elfu kumi na moja na mia nne wakafa kwa joto kabla ya saa tisa na nusu, na Tauno ndiye aliyekwenda kumsaidia kuwatoa kwa mikono, mpaka Jumapili, akirudi nyumbani hali chochote.

Jumatatu kiungo kilichimbwa. Kile kitu cheusi kilichowekwa leo pembeni ya picha ya marehemu, ambacho mmoja wenu ameuliza kama ni kinara cha mshumaa, ndicho hicho, na mkikigeuza mtaona tundu dogo la kupitisha sindano.

Kikao cha uchunguzi kilipangwa Jumanne tarehe 12 Agosti. Jumamosi ya kabla yake, tarehe 9, saa kumi na moja jioni, Bwana Salmenkivi alikuja kwetu na mfuko wa bia, akaomba sauna, na Tauno akaiwasha, kwa sababu hapa kwetu mtu akiomba sauna hanyimwi, hata awe nani. Wakavua nguo wakaingia. Irja hakuwa kwenye benchi. Irja alikuwa barazani, amevaa nguo zake zote na viatu, ameshika sahani ya soseji na haradali, na kitundu cha hewa cha ile sauna, ambacho Mzee Heikki alikitoboa mwenyewe, kiko usawa wa sikio lake.

"Ni mimi niliyekuambia," alisema Salmenkivi. "Najua. Sikatai. Lakini wewe umebakiza mwaka mmoja na nusu, kaka, mimi nimebakiza miaka kumi. Wewe watakulaumu tu, mimi watanifukuza. Nina watoto shuleni."

Yakamwagwa maji juu ya mawe, yakalia shaa.

"Siku nikistaafu nitasimama nitasema mbele ya watu wote," akaendelea. "Nakuapia, Tauno. Humu ndani siwezi kukudanganya."

 Tauno alimwaga maji mengine, na mgeni akalihesabu hilo kuwa ndiyo. Jumanne ripoti ikaandikwa kwamba chanzo ni mpangilio usiofaa wa rilei uliofanywa na fundi Hietakangas kwa uamuzi wake, ikasainiwa, ikabandikwa, na gazeti likaichapa na jina.

Irja hakunyamaza, kwa siku tatu, kila usiku, aligombana na kaka yake mpaka majirani wakasikia. "Nenda ukaseme!" alimwambia. "Wewe ndiye unayewafundisha watu kwamba kunyamaza si kupona!" Naye akajibu akiwa anafunga kamba za viatu: "Ile ni kebo, Irja. Ya sauna ni ya sauna." Akamwapisha dada yake asiseme maadamu yeye yu hai. Dada akaapa, kwa hasira, na ameshika kiapo hicho mpaka Alhamisi ya wiki mbili zilizopita.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, dukani, mbele ya watu wasiopungua sita ambao wengi wao wako ukumbini humu, Bwana Yli-Hukkala alisema kwa sauti, "Tazameni, muuaji wa kuku amekuja kununua mayai," na watu wakacheka, na Tauno akaweka kikapu chini, akatoka, na hakuingia tena duka lile mpaka anakufa. Miaka kumi ameagiza kahawa, siagi na samaki kupitia kwa dada yake. Familia haimlaumu sana Bwana Yli-Hukkala kwa hasira yake, alipoteza mali na hakuambiwa ukweli. Kwa kicheko, tunawalaumu mliocheka.

Alistaafu tarehe 31 Januari 2016, bila sherehe, alikabidhiwa saa ya ukutani ambayo Irja ameitundika chooni. Baada ya hapo alingoja. Alikuwa na kalenda jikoni, na kila mwaka alipobadilisha mpya alisema, "Bado minane," "Bado mitano," naye Irja akimuuliza kama kweli anamwamini yule mtu, anasema, "Alisema akiwa uchi."

Bwana Salmenkivi alistaafu Ijumaa tarehe 31 Mei mwaka huu, kwa karamu kubwa katika ukumbi wa shirika. Tauno alivaa suti ya harusi yake, ambayo Irja aliipunguza kiuno kwa kuwa alikuwa amekonda, akaenda peke yake kwa baiskeli, akakaa safu ya tatu, akala keki, akasikiliza hotuba ya dakika arobaini, iliyowataja walimu, wake zake wawili, wa zamani na wa sasa, mbwa na mabwana wa bodi. Aliporudi alitundika suti, akakaa kwenye ngazi za baraza, na Irja akamuuliza, "Kasema?" Akasema, "Alinipungia mkono." Hiyo suti ndiyo tuliyomzika nayo.

Mwezi Julai moyo wake ulianza kukosa mapigo na kujirudi, mara tatu kwa siku, kisha siku nne hakuna. Alipimwa hospitali saa ishirini na nne, mashine ikasema hana tatizo, naye akamwambia daktari kijana, dada mmoja mpole aitwaye Anniina, "Daktari, umemtega mlevi siku aliyokuwa amelala. Acha mashine wiki nzima." Daktari huyo, tofauti na wataalamu wengi wenye umri mara mbili ya wake, alisikiliza, akaiacha wiki nzima, na siku ya sita ugonjwa ukakamatwa. Tiba ilianza Agosti, ila ilikuwa imechelewa. Tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi na mbili jioni, baada ya kumwomba Irja asiwashe taa bado, alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi saba na siku kumi na tisa. Irja hakuiwasha taa ile mpaka asubuhi.

Familia inamshukuru Daktari Anniina na wauguzi wa wodi kwa kumsikiliza mgonjwa mbishi. Inawashukuru majirani wachache, wanajijua, waliomletea kuni bila kuulizwa chochote. Inalishukuru shirika kwa shada lake, ambalo utepe wake, kama ulivyosomwa kaburini, unasema "Kwa mwenzetu mwaminifu," na maneno hayo ni kweli tupu, tena aliyeyaandika anajua kuliko sisi marehemu alikuwa mwaminifu kwa nani.

Na kwa kuwa Irja hakukaa kwenye benchi, na kiapo chake kwa kaka yake kimekufa na kaka yake, amesoma leo alichokisikia kwa masikio yake. Anayetaka kusema ni uongo wa dada mwenye uchungu, ana haki hiyo. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyopewa mlangoni, baada ya historia hii kuna mstari usemao "Maneno kutoka kazini," na jina lililoandikwa hapo ni la Bwana Salmenkivi, ambaye aliombwa kwa simu na akakubali. Kahawa imeiva, mabirika manane yako jikoni, keki ya mikate, ile ya chumvi iliyopangwa kwa matabaka, imekatwa, na akina mama wa usharika wamekubali kutoinua birika hata moja mpaka mstari huo umalizike. Haraka hatuna. Sisi ni watu wa huku, kukaa kimya tunaweza mpaka jioni, lakini safari hii hatutarudi sifuri.

Pumzika kwa amani, kaka yangu Tauno. Umengoja vya kutosha.

Jouko, kipaza sauti ni hiki hapa.